Volti Bila Mzigo

Kila siku, saa kumi kasorobo za alasiri,
jua la Desemba likishaaga Haltwhistle bila hata kuvua koti,
kamera ya bandani hufumba jicho.
Asubuhi hulifumbua lenyewe,
kama mtu aliyesinzia matangani, asiyetaka kuulizwa.

Kwanza nilimshuku mwizi.
Halafu paka wa jirani, halafu baridi,
halafu kiwanda kilichoitengeneza na mjomba wa mwenye kiwanda.
Nikabadilisha adapta. Nikabadilisha kamera yenyewe, pauni sitini,
na ile mpya ikaurithi usingizi wa marehemu.
Nikafungua kiboksi cha maungio chini ya paa:
koa amelala humo, mnene, amelowa,
na shaba imeota ukungu wa kijani.
Nikasema, kumbe wewe ndiye mchawi wangu.
Nikamhamishia kwenye kabichi, nikasugua shaba kwa msasa,
nikafunga upya kwa utepe mweusi, nikanawa mikono kama daktari.
Saa kumi kasorobo: giza.

Nina mita ya mshale, niliinunua Korogwe
mwaka ule nilipojidai fundi.
Nikapima mwisho wa waya, mchana, kamera imechomolewa:
kumi na mbili kamili, na bakshishi juu.
Waya mzima. Umeme mzima.

Bwana Ridley wa nyumba ya tatu alikuja na kopo la biskuti
ambalo halijaona biskuti tangu astaafu ufundi umeme.
Akaitazama kumi na mbili yangu
kama anavyoutazama utabiri wa hali ya hewa.
Akatoa balbu ya gari, akaifunga mwisho wa waya.
Pima sasa.
Mshale ukaanguka hadi tisa, ukatetemeka, ukashuka tena kidogo.
Balbu nyekundu, jicho la mgonjwa wa surua.

Mchana, akasema, kamera yako inaangalia tu.
Giza likiingia inawasha taa zake, zile usizoziona,
hapo ndipo inapoomba mkondo wa kweli;
na huu uzi uliopewa bure ndani ya boksi
unaubeba mita thelathini na nane, unachoka njiani.
Usipime umeme ambao haujabebeshwa kitu.

Nikamtafsiri kimyakimya huku nimeshika ngazi:
volti bila mzigo ni salamu tu.
Hujambo? Sijambo.
Nani amewahi kujibu vingine?
Mama akipiga simu kutoka Lushoto, mchana,
nampa kumi na mbili kamili.
Sijambo, mama. Kazi njema, mama. Nakula.

Jumamosi tukachimba mtaro kando ya uzio,
tukazika bomba, na ndani yake kebo nene kama kidole cha mtoto.
Unalinda nini humo? akaniuliza, matope hadi magotini.
Baiskeli, nikajibu.
Hakutaka pesa. Alitaka chapati, kama zile za Mwatime.
Nikamwambia zangu hutoka kama ramani.
Ramani zinalika, akasema, akafunga kopo lake.

Saa kumi kasorobo: jicho wazi.
Saa mbili mbweha anachungulia mlango, hapendi anachokiona.
Saa tisa usiku, mtu.
Koti juu ya pajama, kandambili kwenye barafu,
anafungua kufuli bila kulivunja.
Nikairudisha nyuma picha, nikamtambua kwa anavyochechemea.
Anazipita baiskeli.
Anaondoa turubai juu ya cherehani,
anakaa kwenye kile kiti kifupi, hashoni kitu.
Dakika arobaini na moja.
Mara moja tu anazungusha gurudumu kwa kiganja,
na mimi jikoni, na chai yangu imepoa,
nikausikia mlio ambao kamera hairekodi.

Sikuifuta.
Jumapili simu ikaita.
Hujambo, mwanangu?
Nikakawia kidogo, kama unavyokawia
mpaka mshale utulie.